Mbegu Haitoki Bila Unga

Mbuke alifika stoo na gunia tupu, mvua ikimchuruzika usoni, na Jailos, mtunza stoo, akajua ugomvi wa karatasi umerudi.

Karatasi yenyewe ilibandikwa mlangoni. Ilitoka Iyunga, ofisini kwa Eliezeri aliyesimamia ugawaji, pamoja na msaada wa bure kwa vijiji vya Usangu vilivyopigwa na ukame wa mwaka 1974. Kila kitu kilifungwa na mwenzake. Mbolea haitoki kabla shamba halijalimwa. Mbegu haitoki bila mbolea. Mbegu haitoki bila unga.

Hilo la mwisho lilimchefua Jailos. Unga na kupanda, wapi na wapi? Mbegu za mahindi zilijaa stoo, nyekundu kwa dawa ya wadudu, na kila alipozigusa alinawa kwa sabuni. Mbolea ilikuwapo. Unga wa njano, ule watu waliouita Yanga, ulikwama na lori kwenye tope. Alimwandikia Eliezeri kumweleza, jibu likaja kwa mdomo wa dereva: afuate karatasi. Mtu aliyekwisha kula mchana hujibu hivyo.

Mbuke alikuwa mjane, amehamia Usangu kutoka Usukumani na watoto wanne.

"Shamba nimelima, bwana stoo. Twende ukaone."

Jailos alikwisha kuliona. Mbuke alililima kwa jembe la mkono, maana ng'ombe wake wote walikufa kiangazi. Mvua hii ikimpita, mwaka mzima umempita.

"Subiri unga, mama," alisema, akajichukia hapo hapo.

Mbuke akakaa chini. Hakulia wala hakubishana. Alichota punje chache kwenye gunia lililo wazi, akazigeuzageuza kiganjani.

"Hii rangi, ikipata maji inatoka?"

"Inatoka. Lakini mbegu haiharibiki, usiogope."

Mama akaitikia kwa kichwa. Aliuliza tena kama lori litafika leo. Jailos akamwambia hajui, na ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyejua.

Aliitazama ile karatasi, akaona aibu kuitii. Mtu anaomba kupanda, mvua inanyesha, na yeye amesimama mlangoni kama askari wa gereza. Akampimia debe moja, likajaa hadi kumwagika. Mbolea Mbuke aliiacha, akasema ni nzito, ataifuata kesho. Alimshukuru Jailos kwa magoti yote mawili, kisha akaondoka haraka mno kwa mtu aliyechoka vile.

Jioni hiyo Jailos alikula kwa raha. Tangu karatasi ibandikwe, hakuwa amejiona mtu.

Mbolea haikufuatwa kesho yake, wala kesho kutwa. Siku ya tatu lori likafika. Jailos hakungoja Mbuke aje. Alifunga unga wake na mbolea yake kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye tope huku akipanga maneno ya kumwambia Eliezeri siku watakayokutana, kwamba karatasi haijui shamba.

Shamba lilikuwa limelowa vizuri. Matuta yote yamenyooka, na hakuna shimo hata moja lililochimbwa.

Jembe liliegemea ukuta wa nyumba, kavu. Mlangoni palikuwa na karai la maji mekundu, na kando yake kuku wawili wamelala ubavu, miguu imenyooka.

Jailos akaushusha unga, akaanza kupiga hodi.