Tangi la Maji Baridi

Mwatumu aliuliza mahali pa kutundika kanga, kisha akaketi kwenye benchi ndani ya chumba cha mvuke. Rukia, wifi yake, ndiye aliyemleta.

"Utoke jasho, halafu uzame kwenye maji baridi. Utausikia mwili tena, wifi."

Jasho lilimtoka, lakini hakusikia joto. Alizama kwenye tangi mpaka shingoni na baridi pia hakuisikia, akarudi kwenye mvuke.

Mhudumu, mama wa makamo, aliingia na kata kumwagia maji mawe ya moto. Akaona matone meupe yakishuka kifuani mwa Mwatumu, katikati ya jasho. Akatabasamu.

"Maziwa hayo, mwanangu. Mtoto umemwacha na nani?"

Rukia akainamisha uso.

"Tumemzika," alisema Mwatumu, kwa sauti ile ile aliyoulizia mahali pa kanga.

Kata ilibaki hewani. Mwatumu akainuka, akarudi kwenye tangi. Maziwa yalimtoka majini, uzi mweupe mwembamba ukaelea mbele ya kifua chake. Akauzungushia mikono yote miwili, taratibu, bila kuugusa. Ndipo akaanza kutetemeka.