Kiti cha Pembeni

Stoyan alikuwa mwana wa Valko, mjukuu wa Marin, mafundi saa wa mji wa Plovdiv, Bulgaria, ambao hawakupata kurudishiwa saa hata moja kwa ubovu. Yeye aliandika programu za kompyuta, na kwa fahari ile ile alimketisha mwanawe Asen kando yake. Kompyuta moja, watu wawili: mmoja aandike, mwenziwe atazame na kumwambia akosapo.

Asubuhi hiyo Stoyan alitia kosa kwa makusudi, kama alivyomjaribu mwanawe majira yote ya baridi. Akangoja.

Asen aliitazama skrini, akainamisha macho, kisha akamsogezea baba yake kipande cha banitsa, andazi la jibini.

"Kula, Baba. Itapoa."

"Nimekuweka hapo unilishe? Huoni kitu?"

"Naona uko sawa tu, Baba."

"Sawa! Hata paka wa mama yako angeona."

Vijana wa meza za jirani waliangua kicheko. Asen alicheka nao, lakini uso ulimwiva.

Hakuna kosa hata moja la Stoyan lililowahi kumfikia mteja. Aliwashukuru kimoyomoyo wakaguzi wa ghorofa ya chini, waliopitia kila programu kabla haijatoka, akaenda kwa Rumyana, mkuu wa ofisi.

"Mwondoe. Nilitaka mrithi, nimepata mtazamaji."

Asen alikusanya vitu vyake. Alikuwa amekwisha kupata kazi Viena. Alipokuwa akivaa koti alisema neno moja tu: "Baba, tafadhali, usiandike peke yako."

"Nenda. Nilikuwa peke yangu hata ulipokuwapo."

Jumatatu iliyofuata Stoyan aliwakusanya vijana wote wa ofisi.

"Nimemtoa mwanangu wa kuzaa," alisema, sauti kavu. "Akaaye kando ya mwenziwe asione kosa lake, hastahili kiti. Basi. Kazini!"

Walipoanza kutawanyika, Rumyana alimsogelea, akanong'ona.

"Bwana Stoyan, sasa nani atakuwa anakusahihishia?"

"Si wakaguzi?"

"Wakaguzi hawajawahi kuliona kosa lako hata moja. Asen alikuwa akibaki kila jioni, akiyaondoa yote. Alitusihi tusikwambie. Alisema, 'Baba ameanza kuzeeka. Asiaibike mbele ya vijana.'"

Vijana walikuwa wamefika mlangoni.

"Rudini," Stoyan aliwaita. "Rudini mketi. Nisikilizeni."