Baiskeli Isiyo na Keria

"Hiyo keria ing'oeni," alisema Agnes.

Abdulrazaki, muuza baiskeli za mtumba hapo sokoni Newala, alimkodolea macho. Wateja wake wote huja wakibembeleza waongezewe keria, na huyu mama anataka itolewe. Akamgeukia mume.

"Muulize Mama Fortunatus," alisema Dastani. "Yeye ndiye mwenye fundo."

Kweli fundo lilikuwa kwenye pindo la kanga ya Agnes, na ndani yake zilikuwemo hela za korosho zilizobaki baada ya ada na bati. Si nyingi. Lakini hata kama zingekuwa nyingi, Agnes angechukia vilevile kuziona zinakwenda kwenye baiskeli ya gia. Dastani alikuwa hajapanda baiskeli tangu atoke jandoni. Leo tumbo limemtangulia, akipanda ngazi ya kanisa anahema, ndiyo anataka baiskeli ya milimani kama kijana wa sekondari. Eti ya kwendea shamba.

Shamba gani? Vijana wa bodaboda hawana siri. Walishamwambia Agnes kwamba mumewe anaonekana Kitangari, kwenye nyumba fulani, anapiga rangi milango. Mwanaume ambaye kwake mlango wa choo umening'inia bawaba moja mwaka wa pili sasa.

Kumkataza baiskeli asingeweza. Mikorosho ilikuwa ya wote wawili. Ila kuchagua angeweza. Na Newala nzima inajua kwamba mwanamke akipakiwa kwenye keria ya mume wa mtu akakatiza sokoni mara moja tu, kesho yake anaitwa mke mdogo. Basi keria isiwepo. Huyo wa Kitangari, awe nani awe nani, asipate pa kukalia.

Wa kuzijaribu baiskeli alimleta Agnes mwenyewe: Rahima, Mama Pendo, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Rahima alikulia Tandahimba akiendesha baiskeli ya baba yake, na tena alikuwa mtu wa kuitwa akaja. Mwanamke aliyehamia mtaani na mtoto mgongoni, bila mume wa kumwonyesha mtu, atakataa nini? Agnes hakuwa akimchukia. Alimdharau tu, kwa raha zake, kama watu wanavyodharau kuku wa jirani. Hata adabu Rahima hakuwa nayo. Muda wote huo wamepakana ua, hajawahi kumwita Dastani Baba Fortunatus. Ni shikamoo ya kutazama chini, basi.

Abdulrazaki alianza na nyekundu yenye shokapu mbele na nyuma, akaisifu mpaka mate yakamtoka. Rahima aliibonyeza, ikadunda.

"Hii mlimani itakula nguvu zako zote," alisema. "Kwa hela ndogo bora shokapu ya mbele tu, breki ziwe nzima."

Ya pili ilikuwa nyeusi, ndefu, bomba lake la juu limenyooka. Agnes aliliangalia hilo bomba akaona mwanamke amekaa upande, kichwa kifuani kwa dereva. Kabla hajafungua mdomo, Dastani naye akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule walikubaliana jambo.

Ya tatu ilikuwa ya kijani, matairi ya kashata yenye meno makubwa, gia zinaingia bila kelele, na bomba lake limeshuka chini karibu na pedeli. Hapo hata paka asingekaa.

"Hii ndiyo," alisema Agnes.

"Hii, mama," alisita Abdulrazaki, "wanaume huwa hawaipand—"

"Sijakuuliza."

Alimwambia Dastani apande ajaribu. Dastani akasema goti linamsumbua, ajaribu Mama Pendo. Akachukua spana, akaishusha siti bila kuuliza ishuke kiasi gani, akakaza. Agnes aliguna moyoni: hata kwa fundi cherehani anajituma kama kibarua. Rahima alizunguka soko na mtoto wake mgongoni, akarudi, hakugusa tena siti.

Agnes alifungua fundo, akalipa kwa mkono wake. Keria ikabaki dukani.

Jumamosi asubuhi alikuwa barazani anabangua korosho alipomwona Dastani anatoka na suruali ya kanisani, anaikokota baiskeli. Anaikokota, haipandi. Agnes alicheka wazi bila kujificha.

"Nenda, Baba Fortunatus," alimwambia. "Ukambebe mgongoni huyo wa Kitangari."

Dastani aliikokota mpaka nyumba ya pili, akaiegemeza kwenye ua. Bodaboda ilikuwa inasubiri pale, cherehani imefungwa nyuma kwa mpira. Alijibana katikati, kati ya kijana na cherehani, akamwambia awashe pikipiki.

Rahima alitoka, Pendo mgongoni, amejifunga mbeleko mpya. Alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo dirishani kwa ajili ya mwenye nyumba. Kisha akapanda baiskeli ya kijani. Siti ilimkaa sawasawa.

Akapiga kengele, na kwa mara ya kwanza Agnes akamsikia akimwita yule mwanaume.

"Tangulia na cherehani, Baba Pendo. Sisi tunakuja."