Namba Ishirini na Mbili

Kosa lilikuwa la Daktari Khavere, na alilisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Siku tatu nzima, pale shule ya Naro Moru, alikuwa amepima akili na mioyo ya watoto thelathini wa darasa la kwanza, akaandika namba zao tu. Majina hakuuliza hata moja.

"Namba ni za rejista, zinatosha," Mwalimu Mkuu Marete alimtuliza. "Mwenye hafai shule mimi namjua tayari."

Alimtupia jicho Wanja, aliyekaa kwenye benchi, leso imekazwa kichwani kama mtu aliyekuja vitani. Tangu nyumba yao iungue, binti yake Kanana hakuwa ametoa neno. Marete alitaka mtoto huyo aondoke shuleni.

"Mtoto yangu haendi mahali," Wanja alisema. "Hata ulete daktari kumi."

Dirishani, Monicah, binti wa Mwalimu Marete, alikuwa akipanga pakiti tupu za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule, pembe kwa pembe.

"Ona huyu wangu, Mama Kanana. Wako darasa moja. Nadhifu, hasumbui mtu. Wewe wako ulimlea na nini?"

"Na uji, Mwalimu. Kwani wako mlimpa chaki?"

Khavere alikohoa kuficha kicheko, akafungua faili. "Namba tisa ameumia moyoni. Apewe muda, ataongea. Namba ishirini na mbili ndiye alizaliwa tofauti, ile wanaita otizimu. Hakuangalii machoni, kengele inamuumiza, lakini kusoma anawashinda wote. Mwache shuleni, Mwalimu. Mpe tu kiti mbali na kengele."

"Kwa shule yangu? Hapana. Nikiweka mmoja, kesho wataniletea lori nzima."

Akavuta kalamu nyekundu, akaandika huku akisoma kwa sauti: mwanafunzi namba ishirini na mbili, afukuzwe leo, asirudi. Akapiga muhuri, akaisukuma barua mbele ya Wanja.

"Haya. Chukua mtoto yako."

Wanja hakuigusa. Aliinuka, akaivuta rejista mezani, akaifungua. Kidole chake kikashuka polepole, kikampita Kanana kwenye namba tisa bila kusimama, kikaendelea hadi ishirini na mbili. Hapo kikatulia. Akaigeuza rejista imwelekee Marete.

"Mwalimu, tusomee jina ya huyu umefukuza."

Kengele ya saa nne ikalia. Dirishani, Monicah akaziacha pakiti, akaziba masikio.