Mawe ya Ghuba

Tishari lililojaa kifusi lilikuwa limeshatia nanga juu ya mawe ya ghuba, likingoja amri ya kumwaga. Mwanakheri, mfugaji wa kamba koche, aliweka tangi la kioo mbele ya Injinia Bakome. Nusu ya sakafu yake ilikuwa mchanga, nusu mawe.

"Mama, mawe yakifukiwa, kamba watahamia mchangani," injinia alisema.

"Basi tumuulize mwenyewe."

Alimwachia majini mtoto wa kamba, mwili mwangavu, mdogo kuliko ukucha. Kamba akashuka, akagusa mchanga, akaruka. Akarudi kuugusa tena. Mwanakheri alibana pumzi. Akitulia pale, mawe yatafukiwa leo hii.

Yule kamba akaogelea hadi kwenye mawe. Akapapasa ufa mmoja, akauacha, akapata mwingine mwembamba, akaingia kinyumenyume.

Redio ya injinia ikakoroma. "Mkuu, tumwage?"

"Ngojeni."

"Mpaka lini, mkuu?"

Injinia alikuwa ameinama, pua karibu iguse tangi. Pumzi yake ilitandaza ukungu kwenye kioo, na Mwanakheri hakuthubutu kuupangusa.