Losheni ya Arobaini

Bi Mwanakheri alifungua kopo la losheni aliyoikoroga mwenyewe, akapigwa na butwaa. Juu ya weupe ule ulikuwa umeota ukungu wa kijani.

"Mama, hukutia dawa ya kuzuia kuoza?" aliuliza bintiye, Mishi.

"Dawa ya nini? Marehemu bibi yako hakutia kitu, na mafuta yake yalikaa mwaka!"

"Bibi alitumia mafuta ya nazi matupu. Wewe umetia maji ya waridi, na penye maji huota ukungu!"

Kopo la pili alikuwa amempelekea mkaza mwanawe, ampake mtoto anayetolewa nje leo kwa arobaini yake. Alitoka mbio, miguu mitupu, kifuniko mkononi. Alipofika, vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Mtoto alilala juu ya kanga mpya, anang'aa kuanzia utosini hadi vidoleni, ananukia waridi.