Ua wa Ngiri

Enzi ambazo wanyama bado walizikana, Ngiri wa mbuga ya juu alizungushia mpaka wake ua wa miiba. "Wageni warudi kwao," akawaambia majirani wa mbuga ya chini.

Mwezi haukuisha, mama yake akafariki. Hapo Ngiri akakwama. Tangu enzi za mababu, kaburi la ngiri huchimbwa na mtani wao, Muhanga, mchimba mashimo wa mbuga ya chini. Jua likapanda, mama hajazikwa, na Ngiri aliona aibu kufungua ua wake mwenyewe.

Akiwa chumbani, ndani ya shimo lake, analia, sakafu ikatikisika. Udongo ukafumuka, pua ndefu ikachomoza.

"Hodi, mtani," akasema Muhanga. "Unalia nini? Si mnajitosheleza nyie?"

Ngiri akafuta machozi. "Umepitaje? Nimeweka ua."

"Ua uko juu. Mimi nimepita chini, njia ya babu. Hata mama yako aliipita kuja kutusalimia, kisha akaifukia, wewe ukikoroma."

"Mama? Na nani aliyeichimba hadi ndani ya nyumba yangu?"

"Nyumba gani, mtani? Shimo hili tulilichimba sisi; hapa ni mlangoni kwetu. Babu zako walipigwa na mvua, babu yangu akawaambia walale hapa mpaka kukuche."

Ngiri akazitazama kuta alimozaliwa. Muhanga akaenda kuchimba kaburi. Ngiri naye akatoka kuubomoa ua, watani wengine wapite wamzike mama.

"Taratibu na hiyo miiba," Muhanga akamwambia, "mgeni."